Eya Klina ya Mama Achieng

Homa Bay

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa vizuri hapo Voi, mguu umepungua kuvimba, na Mama anakuruhusu kutoka nje jioni ukaongee na wenzako. Masikio yako je? Kaka Mwakio aliniambia sasa hata ukiwekewa simu sikioni unasikia mngurumo tu, ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu. Mimi mzima wa mwili. Usingizi ndio umenipungua kidogo, na utaona sababu.

Utashangaa mzigo uliokuja na barua hii umetoka Homa Bay na wewe unajua niko Migori. Usishtuke. Sijafukuzwa na sijaiba. Nimehama, na wewe ndiye mtu wa kwanza ninayetaka ajue kwa nini, kwa kuwa jambo lenyewe ni la ufundi.

Unamkumbuka Mzee Okelo, mwenye gereji ya Migori aliyenichukua wakati wengine wote walisema mwanamke hatawezana na injini. Nilimsifia sana kwako huyo mzee. Ni mtu wa kanisa la Sabato, Jumamosi gereji yake haifunguliwi hata mteja alie. Tulikuwa mafundi wawili chini yake, mimi na Odongo, baba wa watoto wanne, mtu asiyesema neno mpaka aulizwe. Hapo gereji waliniita nyar Voi, yaani binti wa Voi, na nilishalizoea jina.

Basi kuna mama mmoja wa Sori, Mama Achieng, anayenunua samaki ziwani na kuwaleta Migori kwa gari lake la kubeba mizigo, lile umbo la stesheni wagoni unalolijua. Mwanzo wa mwaka alikuja akilalamika kwamba gari linakosa pumzi mlimani. Mzee Okelo akamwambia atoe eya klina ya kiwandani, lile boksi la kuchuja hewa ya injini, awekewe filta ya koni, ile inayokaa wazi kando ya injini inang'aa kama sufuria mpya. Koni hizo Mzee alikuwa akizitoa kwa kijana wa spea wa hapa Homa Bay anayeitwa Steve. Kazi ya kufunga nikapewa mimi. Nilitoa lile boksi la zamani, nikaandika namba ya gari ndani ya kifuniko kwa rangi nyeupe kama ulivyonifundisha, nikaliweka stoo. Mzee akamwambia mama, "Tutakuwekea, siku ukiitaka utaikuta."

Miezi michache baadaye Mama Achieng akarudi amekunja uso. Gari linatoa moshi wa bluu na linakula oili. Mzee Okelo hakufungua hata boneti. Alinigeukia mbele ya wateja akasema, "Huyu msichana aliacha klipu ya paipu ikiwa loose. Vumbi imeingia."

Baba, nilihisi damu imepanda mpaka kwenye nywele. Zile klipu nilizikaza mara mbili. Nilizikagua hapo hapo nikazikuta bado zimekaza. Lakini ni nani angeniamini, mtu wa kuja, mbele ya mzee wa kanisa? Hapo ndipo shaka ilipoanza kunila. Nilimshuku Steve kwamba ameleta filta bandia. Nilimshuku Odongo kwamba amezilegeza na kuzikaza tena ili nionekane sifai. Hata mimi mwenyewe nilijishuku, nikawa nakumbuka ile siku nati baada ya nati.

Nikamwambia Mama Achieng, "Nipe gari lako siku chache nipime. Nitafunga aina moja baada ya nyingine, twende barabara ile ile, tuone vumbi linapita wapi."

Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Sawa. Lakini na mimi nitakuwa ndani ya gari. Siku hizi siamini fundi yeyote, hata wewe."

Nilimpenda kwa hilo.

Tulianza na koni ile ile iliyolalamikiwa. Nilipangusa paipu kwa ndani, nikapaka grisi nyembamba nyuma ya filta, mahali ambapo hewa inatakiwa iwe imeshachujwa. Tukaenda mpaka ndani ya Nyatike, kwenye ile barabara ya vumbi ya murram inayopitwa na malori ya mawe ya dhahabu, tukarudi. Koni ina sauti, Baba, siwezi kukataa. Ukikanyaga, injini inavuta hewa kama ng'ombe anayekunywa maji. Mama Achieng akacheka, "Saa hii inaongea!" Lakini nilikuwa nimeunganisha ile mashine ya kusomea kompyuta ya gari, na mlimani joto la hewa inayoingia lilikuwa limeacha joto la nje mbali kabisa. Koni ilikuwa inavuta hewa ya moto ya injini yenyewe. Ni kelele tu iliyoongezeka. Tulipofika nikapitisha kitambaa cheupe kwenye ile grisi. Kilitoka na mchanga. Nilipousugua kati ya vidole ulikwaruza. Klipu zote zilikuwa zimekaza, na Mama Achieng mwenyewe alizishika moja moja.

"Kwa hivyo sio wewe," akasema.

"Sio mimi."

"Sijasema nimeamini. Nimesema sio klipu."

Siku ya pili nikafunga aina nyingine niliyoazima kwa Steve alipoleta spea Migori, ile yenye paipu ndefu inayoshuka mpaka nyuma ya bampa kutafuta hewa baridi. Hiyo ni afadhali. Joto lilishuka karibu sawa na la nje, na kwenye lami gari lilipanda vizuri zaidi, si sana, lakini nilihisi kwenye mguu. Tatizo ni chini. Tulipovuka mahali mto unapopita juu ya barabara, maji yakaruka, na niliposimama kuangalia nikakuta filta imelowa upande mmoja. Nilijiona nikiwa na wewe pale Voi, siku uliponionyesha konrodi, ule mkono wa pistoni, iliyokunjika kama kijiko kwa sababu injini ilimeza maji. Nikamwambia mama hiyo ni ya mtu anayeishi mjini. Mtu wa Sori itamuulia gari msimu wa mvua.

Ikabaki aina ya tatu, filta ya kitambaa cha kuosha inayoingia ndani ya boksi la kiwandani, na nilitaka kuilinganisha na ya karatasi. Kwa hizo mbili nilihitaji lile boksi. Nikaenda stoo. Halikuwepo. Nilipindua kila kitu. Halafu nikagundua kwamba hata maboksi ya wateja wengine, ambayo nilikuwa nimeyaweka kwa mikono yangu, hayakuwepo.

Funguo za stoo zilikuwa kwa Odongo.

Baba, sikusubiri. Nilitoka nje nikamwambia mbele ya Mama Achieng, mbele ya Mzee, mbele ya watu waliokuja kuziba pancha, "Odongo, umeuza mali ya wateja. Halafu ukakaa kimya nikiitwa mjinga."

Aliweka spana chini polepole. "Mimi nashika funguo," akasema. "Sishiki mkono ya kila mtu."

"Hilo ni jibu la mwizi."

Mzee Okelo alitikisa kichwa kwa masikitiko, akasema, "Odongo, tutaongea baadaye." Nami nikaona nimeshinda.

Kesho yake Mama Achieng akasema twende Homa Bay tutafute boksi lililotumika kwa huyo huyo Steve, kwa sababu gari lake haliwezi kuendelea kumeza mchanga. Tukaenda. Duka la Steve lina rafu moja nzima ya eya klina za zamani, zimeoshwa zinang'aa. Nilikuwa natafuta ya umbo letu, nikaipata, nikafungua kifuniko kuangalia kama kimepasuka. Ndani kulikuwa na namba ya gari ya Mama Achieng kwa rangi nyeupe. Mwandiko wangu.

Nilimwita mama nikamwonyesha. Akasoma mara mbili. Kisha akaenda mpaka kwenye kaunta akaliweka hilo boksi mbele ya Steve.

"Kijana, hii ni namba gani?"

Steve akaangalia. "Mama, mimi nilinunua. Sikuiba."

"Ulinunua kwa nani? Sema hapa au sema polisi."

"Odongo ndiye aliyekuletea?" nikadakia.

Steve akanishangaa. "Odongo gani? Huyo hajawahi kufika hapa. Inatoka kwa Mzee mwenyewe. Kila nikimpelekea koni, yeye ananipa eya klina. Ndiyo makubaliano yetu."

Nilikaa chini kwenye tairi. Sikumfikiria hata Mzee kwanza. Niliiona ile spana ikiwekwa chini polepole.

Steve alilirudisha boksi bila ubishi. Nililifunga hapo hapo uani kwake, na siku iliyofuata, kabla ya kumkabili mtu yeyote, tulimaliza kipimo, maana sikutaka kuzungumza tena bila kujua. Filta ya kitambaa ndani ya boksi ilizuia vumbi kiasi, lakini ilikuja na mafuta mengi kutoka dukani, yakafika mpaka kwenye sensa ya hewa, ikabidi niisafishe. Ile ya karatasi, ya kawaida kabisa ambayo kila mtu anaidharau, ilirudi kutoka Nyatike na grisi safi. Kitambaa changu kilibaki cheupe. Na ule unyonge wa mlimani aliokuja nao Mama Achieng mwanzo wa mwaka? Plagi mbili zilikuwa zimekufa. Ni hilo tu. Koni haikuhitajika tangu siku ya kwanza.

Tulimkuta Mzee Okelo anakunywa chai. Mama Achieng aliliweka lile boksi mezani. Nilidhani atakana, nikawa nimejiandaa. Hakukana. Aliangalia ule mwandiko, akasukuma kikombe kando.

"Nyar Voi," akasema, "hiyo eya klina ingekaa stoo mpaka ioze. Hakuna mteja anayerudi kuiuliza. Kila gereji inafanya hivyo."

"Si kila gereji, Mzee."

"Kila gereji. Baba yako si ni fundi wa miaka mingi? Muulize."

Mama Achieng hakumpa nafasi ya kuendelea. Alimwambia ringi za pistoni zilizoliwa na huo mchanga zitabadilishwa na gereji kwa gharama yake, na kama sivyo, Jumamosi atamngojea mlangoni pa kanisa na lile boksi kichwani. Mzee alikubali upesi. Hiyo injini tuliifungua mimi na Odongo, siku nne, bega kwa bega, bila maongezi isipokuwa "nipe ile" na "shika hapa". Siku ya mwisho, injini ilipowaka bila moshi, nikamwomba msamaha. Nilimwomba mbele ya watu wale wale wa pancha, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomvunjia heshima.

Alifuta mikono kwa muda mrefu. "Ungeniuliza tu," akasema. "Ungeuliza 'Odongo, nani anabeba hizi vitu?' Ningekuambia."

"Ulikuwa unajua?"

"Kitambo sana. Hakuna mtu aliniuliza. Na mimi niko na watoto wanne shule."

Alinipa mkono. Lakini kabla ya siku niliyomwita mwizi alikuwa akiniachia sanduku lake la spana wazi. Tangu siku ile akitoka kula alilifunga kwa kufuli. Sikumlaumu.

Niliondoka Migori mwisho wa wiki. Nimepata kazi hapa Homa Bay kwenye gereji inayotengeneza magari ya samaki, na mengine yanayotoka Mbita na abiria wa visiwa vya Rusinga na Mfangano. Mwenye gereji nimemwambia mapema: mteja anaondoka na kifaa chake cha zamani ndani ya gari lake. Alinitazama kama mtu wa ajabu, kisha akasema sawa.

Sasa Baba, niandike lile ambalo limenikosesha usingizi. Mzee Okelo aliposema nikuulize, nilikasirika kwa niaba yako. Lakini nikiwa ndani ya gari naja huku nikakumbuka lile banda letu dogo nyuma ya jikoni, na zile eya klina zilizopangwa mpaka darini. Nilikuwa nazipangusa nikiwa darasa la tano. Nyingine zilikuwa na namba za magari ndani, kwa rangi nyeupe. Ndivyo nilivyojifunza kuandika hizo namba. Na kila likizo nilipofunga shule nilizikuta ni chache kuliko nilivyoziacha.

Inawezekana wenyewe walikuja kuzichukua. Inawezekana walikuambia uziuze. Mimi sijui. Odongo sikumuuliza, nilimhukumu, na siwezi kurudia hilo kwako. Kwa hivyo nakuuliza, kama mtoto wako na kama fundi kwa fundi: zilikwenda wapi? Niandikie kwa mkono wako mwenyewe, usimtume Mwakio. Jibu lolote nitalipokea, na bado utakuwa ndiye uliyenifundisha kazi.

Mama umwambie dagaa nilizomfungia azianike tena kidogo kabla ya kuweka ndani. Nyanya mpe blanketi, ni lake, asiligawe. Shangazi anayeuza ndizi stendi msalimie, na mke wa Mwakio mwambie nguo za mtoto nilizishonesha kubwa makusudi.

Nangoja barua yako.

Binti yako,
Wakesho