Ng'ombe ya Mahoro na Milima ya Theluji

Lyon, 9 Novemba 2025

Kaka Bayingana,

Nakusalimia sana, na Mama pia. Macho yake inaendelea aje? Ng'ombe zote ziko muzima? Sisi tuko, isipokuwa baridi tu.

Vakanse ya Februari, masomo ikifungwa, inakaribia. Bwana yangu Grégoire anataka tupeleke binti yetu Mahoro ku milima ya theluji, kule batu banafunga mbao ndefu ku miguu na banateleza mpaka chini. Iko milima mbili za kuchagua. Moja iko juu sana, hoteli mingi, na mashini inapandisha batu kila pembe. Ingine iko ndogo, kijiji tu. Wewe njo muntu wa milima katika familia. Ungechagua gani?

Unisalimie Gaju, ng'ombe ya mutoto wangu.

Dada yako,
Claudette

Burungu, 16 Novemba 2025

Claudette,

Mama amesema barua inaanza na salamu. Basi, salamu. Tuko muzima, hata kama haikuhusu.

Nimepanda kilima muzima kutafuta rezo ya simu, kumbe ni kwa kusoma ujinga! Siku Mahoro alizaliwa, Mama alimupa Gaju. Ile ng'ombe ilikuwa ingali ndama. Miaka saba unasema utamuleta mutoto akunywe maziwa ya ng'ombe yake. Mama anahesabu ku vidole. Leo unaniuliza mulima wa kuangukia? Mulima unachaguliwa kwa majani, kwa maji na kwa jirani. Haya, nieleze, theluji inalisha nani?

Kila asubui Tumukunde, binti ya jirani yetu Akilimali, njo anakatia Gaju majani. Ng'ombe haichungwe na kuangalia foto yake ku simu. Kama Mahoro haji, Noeli nitamupa Tumukunde ile ng'ombe, na mimba yake. Nimeapa.

Mama anauliza kama ku ile milima kuko ng'ombe. Nimemujibu hakuna hata kwato.

Kaka yako mukubwa,
Bayingana

Lyon, 18 Novemba 2025

Kaka,

Salamu kwa Mama. Zako utapata siku utazistahili.

Ni nani aliniandikia mu Agosti, "usilete mutoto, barabara ya Kitchanga inalia risasi"? Si wewe? Na ndege hazitue Goma. Unataka nimupitishe wapi, mu pori ya Hombo, na miguu? Unanifungia mulango, kisha unanitukana kwa nini siingii! Tangu utoto, kitu yangu haimalize siku mbili mu mukono yako. Gawa basi. Lakini umwambie Mama wewe mwenyewe, ukisubutu.

Claudette

Lyon, 22 Februari 2026

Kaka,

Salamu. Miezi tatu umenyamaza na Noeli imepita. Naandika sababu ya Mama.

Tulichagua mulima mudogo. Mbele ya kulipa niliuliza lile swali la Mama: ng'ombe ziko? Ku mulima mukubwa, muntu wa simu alicheka. Ku mudogo, mama moja alijibu iko nazo kumi na ine, zinalala ndani mpaka theluji iishe. Wakati wa joto zinakula palepale batu banateleza. Majani iko chini ya theluji, Kaka. Njo jibu ya swali yako.

Mahoro alianguka siku ya kwanza, akavua zile mbao, akakataa kabisa. Siku tano alishinda mu zizi. Yule mama alimufundisha kukamua. Alikunywa kikombe nzima ya maziwa ya moto, akapanguza mudomo, akasema: "Ni tamu, lakini hii si yangu. Yangu iko nyekundu." Nilitoka inje nikalia.

Nimekutumia sauti yake ku simu, anaeleza vile alikamua. Mupe Mama asikie. Kisha uniambie ukweli: Gaju iko wapi?

Dada yako

Burungu, 3 Machi 2026

Claudette,

Salamu. Mama iko muzima, na nguvu ya kunitukana iko nayo mingi.

Gaju nilimupa Tumukunde kesho yake ya Noeli. Niliapa, na kiapo si mate ya kumeza. Mama nilimudanganya kwamba Gaju iko ku malisho ya ng'ambo ya kilima.

Alisikiliza sauti ya Mahoro mara sita. Mimi nilikasirika: binti kukamua ng'ombe! Kwetu nani alishaona hiyo? Mama akacheka mpaka machozi. Kisha akaomba nimupeleke akapapase Gaju, na ikabidi niseme. Alinipiga fimbo ku mugongo, mimi muntu wa miaka makumi tano, mbele ya Akilimali!

Wiki hiyohiyo Gaju ikazaa, ndama ya kike. Desturi unaijua: muntu akipewa ng'ombe, ndama ya kike ya kwanza anairudisha kwa ule aliyemupa. Akilimali alileta kwangu, nikapokea na mikono mbili. Mama akauliza: "Uligawa ng'ombe ya nani?" Nikasema ya Mahoro. Akasema: "Basi Mahoro njo alitoa. Hii ndama ni yake."

Sasa inalala mu jiko yangu sababu ya baridi, Tumukunde anailetea maziwa ya Gaju, na imeshakula shati yangu ya kanisa. Haina jina. Mama amekataza tuiite kitu. Anasema mwenye ndama, Mahoro, atakuja kuipa jina na kinywa yake, akisimama hapa. Usitume jina ku simu, sitalipokea. Barabara ikitulia, mutoto afike Goma tu. Kutoka pale nitamubeba mimi ku mabega.

Wewe, kama unapenda, baki ku theluji yako.

Kaka yako,
Bayingana