Mashine ya Wembe kwa Mkono wa Kushoto

Kasulu, Agosti 2014

Baba yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Nakuandikia nikiwa kibarazani na shuka mabegani, maana asubuhi za huku kiangazi hiki zina baridi ya kung'ata masikio, na vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Mimi nimeamka salama. Mkweo yuko Kibondo kikazi, naye mzima, hurudi mwisho wa wiki. Wewe je, umelalaje? Mguu umeanza kukanyaga, au bado unauburuta? Nikimuuliza Mama kwenye simu hunijibu "anaendelea". Hilo neno sisi wauguzi tunawapa watu kila siku wodini, kwa hiyo mimi halinitoshi. Nijibu wewe mwenyewe.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Mdogo wangu Mwanaidi alinipigia wiki mbili zilizopita akilia. Kasema umemwambia Ba'mdogo awe walii badala yako siku ya ndoa yake, baada ya Idi Kubwa, eti huwezi kukaa mbele ya wanaume wenzako na uso kama wa mfungwa aliyetoroka. Kasema tangu kiharusi kikushike hujanyoa, na Mama alipokuja na wembe ulimwambia, "Sijafa bado nioshwe." Baba! Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaanza kufikiri, na unanijua, nikianza kufikiri hata jirani halali.

Jambo la kwanza nililojiuliza ni hili: hivi Baba alikuwa ananyoaje? Nakuona uani, kabla hujaenda kwenye mizani ya mkonge, wembe mtupu umeupinda kidogo kati ya vidole viwili, huna kioo, na huku unatuuliza mimi na Mwanaidi saba mara nane ni ngapi. Hukuwahi kujikata. Nilidhani wanaume wote hunyoa hivyo, mpaka nilipoolewa. Lakini mkono uliokuwa na ufundi huo ndio uliokataa, na wa kushoto hata kijiko bado unakitafutia mdomo. Tena vidonge unavyokunywa vinailainisha damu, mkato mdogo tu unaweza kuchuruzika mpaka adhuhuri. Wembe mtupu usiuguse, nakuomba. Hivi vya plastiki vya kutumia na kutupa navyo nimevitilia shaka. Ni vyepesi mno, mtu hujikuta anakandamiza, na ndevu zako zile za katani zikishaviziba unarudia palepale mpaka shingo inatoka vipele.

Iliyobaki ni ile mashine ya chuma ya kutia wembe, yenye mpini. Haya, kumbe nazo ziko za namna namna! Nilikuwa sijui. Wiki ile tulikuwa na kazi ya chanjo upande wa Manyovu, mpakani na Burundi, na kazi ilipoisha nikateremka sokoni. Wabadilisha fedha wananiita huku, malori yanapiga honi kule, mimi nimechutama mbele ya turubai la Mrundi mmoja anauza viwembe, vioo na viberiti. Alikuwa na mashine mbili. Moja mdomo wake una meno kama kitana, nyingine ina ukingo mnyoofu. Nikajisemea, meno si ndiyo kinga? Yatauzuia wembe usifike kwenye ngozi. Mrundi akaisifu kwa Kiswahili na Kifaransa kwa mpigo, nikainunua ya meno, nikarudi Kasulu nimejaa maarifa.

Kuijaribu sasa. Mkweo ndevu zake zile ni za sunna, hazikopeshwi kwa majaribio. Nikamwendea jirani yetu Mwalimu Bukuru, Muha wa hapahapa, anafundisha jiografia, na kwa udadisi tumekutana. Wao hapa husalimiana kwa kupiga vikofi taratibu, "Mwakeye, mwakeye," huulizana mambo mpaka umechoka kusimama, kwa hiyo nilisubiri salamu ziishe ndipo nikatoa mashine mfukoni. Akaigeuzageuza. Akakubali kwa Kiha, "Ego, lete maji ya moto."

Alipotokea tena mlangoni alikuwa amebandika vipande vya gazeti mahali patatu.

"Dada Zuhura," akasema, "hii hainyoi. Hii inalima."

Mkewe, Mama Bukuru, alikuwa anachambua maharage, akacheka mpaka ungo ukainama. Mimi niliona aibu, lakini aibu yangu huwa haidumu. Nilirudi nyumbani, nikaivua ile mashine, nikaitazama kwa ubavuni mbele ya dirisha. Ndipo nikaona. Meno hayazuii kitu, Baba. Yanaipitisha ngozi na ndevu pamoja, wembe unavikuta vyote wazi. Ile ni ya watu waliokwisha zoea, au wenye ndevu za miezi.

Nikaenda kwa Mzee Sefu, mwenye duka la vyombo karibu na stendi. Ni mtu wa kwetu Tanga, kahamia huku zamani, na mimi huniita "mwanangu wa pwani" ingawa kwetu Muheza hata bahari hatuioni. Nikamwomba anitolee zote alizonazo juu ya kaunta. Nikawa nachukua kipande cha kadi ya kliniki na kukipenyeza kati ya wembe na ukingo, moja baada ya nyingine. Mzee Sefu kanitazama, akauliza, "Mwanangu, unanunua au unafanya operesheni?" Nikamwambia vyote viwili.

Niliyochagua ndiyo hiyo iliyomo kwenye kifurushi. Ukingo wake mnyoofu, na wembe unachungulia kidogo tu, kadi ilikuwa inapita kwa shida. Ina uzito mzuri, kwa hiyo usiikandamize hata kidogo, iache ishuke kwa uzito wake. Mpini ni mrefu na una mikwaruzo, hautelezi kwenye povu. Na jambo lililonifurahisha kuliko yote: haifunguki vipande vitatu kama nyingine zinazotaka mikono miwili. Bana mpini katikati ya magoti, zungusha kitasa cha chini kwa mkono wa kushoto, juu panafunguka vijilango viwili kama kabati. Udumbukize wembe, zungusha tena, basi. Nimeifungua na kuifunga hivyo mpaka Mama Bukuru kaniuliza kama nimepungukiwa.

Kisha nikataka kujua mkono wa kushoto unaonaje. Nilijaza puto hewa, nikalipaka sabuni, nikaanza kulinyoa. La kwanza lilipasuka, povu likaruka mpaka kwenye chandarua. La pili nikalimaliza lote. Siri ni kulaza mpini mpaka uhisi wembe unagusa tu, kisha unavuta kidogo, unasuuza, unavuta kidogo. Fuata ndevu zinavyolala. Usishindane nazo. Na kabla ya hapo uso ukandwe kwa kitambaa cha maji ya moto, ndevu zilegee.

Lakini puto ni puto, Baba, halina mikunjo ya uzee. Nikamrudia Mwalimu Bukuru. Alisita kidogo, na alikuwa na haki. Nikamwomba mkono wa kulia autie ndani ya koti na asiutoe. Shavu la kushoto likaenda vizuri kabisa. Kufika la kulia na chini ya taya, ngozi ikawa inakunjamana mbele ya wembe, akasimama. "Hapa ndipo mkono wa pili huvuta ngozi," akasema. Akajaza hewa shavuni, ngozi ikakaza, akaendelea.

Mimi nikanyong'onyea palepale. Maana wewe shavu hilo halishiki hewa. Mama kaniambia hata chai hutiririkia upande huo. Nilikuwa nimetafuta mashine wiki nzima na kumbe mashine ni nusu tu ya jambo.

Sikumwambia sababu, nilimwomba tu asijaze hewa. Akabaki ameduwaa na povu lake. Mama Bukuru akaweka ungo chini, akaifuta mikono kwenye kanga, akaja akaweka vidole viwili karibu na sikio la mumewe, akavuta ngozi juu. Mume akapitisha mashine. Akavuta chini ya taya, mume akapitisha. Wakamaliza, uso ukawa safi, tone la damu hakuna.

Sasa sikiliza, hapa ndipo nataka unisikilize. Mwalimu Bukuru alijitazama kwenye kioo, akajipapasa, akatoka nje akamwita mwalimu mwenzake aliyekuwa anapita barabarani. "Njoo uone! Nimejinyoa mwenyewe, kwa mkono wa kushoto!" Mwenyewe, Baba. Mkewe alikuwa amesimama pale pale, na vidole bado vina povu, akasema, "Amejinyoa kweli, nimemwona." Kisha akarudi kwenye maharage yake.

Nimelifikiria jambo hilo siku zote hizi. Hakusema uongo. Aliyeshika mashine ni yeye, aliyeamua ianzie wapi ni yeye. Vidole vya mkewe viliishika ngozi tu ikae sawa.

Kwa hiyo nakuomba: mashine ushike wewe, asikunyang'anye mtu. Ila shavu la kulia akuvutie Mwanaidi. Simtaji Mama, kwa sababu Mama atakutazama kwa huruma na najua huruma ndiyo iliyokukimbiza. Mwanaidi hana huruma. Atakucheka, na atakuuliza saba mara nane ni ngapi. Anza sasa, usingoje wiki ya harusi, mkono uzoee. Akikuuliza mtu nani kakunyoa, jibu umejinyoa, wala hutakuwa umedanganya.

Kifurushi kinakuja na Mzee Sefu, anashuka Tanga kumwona dada yake. Mashine imefungwa kwenye fulana ya mkweo, viwembe viko kwenye kopo la dawa.

Nisalimie Mama, mwambie kanga yake nimeipata. Nisalimie Ba'mdogo, na umwambie kwa heshima zote kwamba tunamwomba akae na wageni. Bi mkubwa wa jirani, mpika maandazi, naye umfikishie shikamoo yangu. Mimi sitakuwepo, ruhusa nimenyimwa, wodi haina watu. Limeniuma sana.

Nakuambia neno moja ambalo sikuwahi kukuambia. Siku uliyoniozesha mimi, nilikuwa chumbani kwa wanawake, mlango umefungwa. Uso wako sikuuona, Baba. Sijui hata kama ulikuwa umenyoa. Nilisikia sauti yako tu, inapita ukutani, "Nimekuozesha binti yangu Zuhura," nikaacha kutetemeka. Mashine hii ni kwa ajili yako na wanaume wenzako. Mwanaidi naye atakuwa chumbani, mlango umefungwa, na atakayekuwa anamsikiliza ni wewe.

Binti yako wa kwanza,
Zuhura