Kioo hakimwoni Baba Kulwa

Jumamosi, jioni. Mawingu yametanda tangu asubuhi lakini mvua imegoma, na hapa Kalangalala, mjini Geita, vumbi limekalia hata majani ya mipapai. Nimechoka miguu, moyo haujachoka. Nimekaa barazani na chai yangu, naandika haraka kabla mambo hayajanipoa kichwani.

Leo tumekwenda kununua kishikwambi. Tumerudi bila kishikwambi.

Nianze na bibi harusi wa wiki iliyopita, maana yeye ndiye chanzo. Alikuja na mama yake kuangalia kazi zetu za picha. Kama kawaida mume wangu, Baba Kulwa, alimwekea albamu mapajani, akaketi pembeni yake akawa anamfunulia na kumsimulia: hawa mvua iliwafukuza ukumbini, hawa ni mapacha kama wa kwetu. Binti akatazama kurasa mbili tatu kwa adabu, kisha akainua uso akaniuliza, "Mama, hamna kitu cha kuonyeshea picha?"

Albamu iko mapajani mwake!

Sikukasirika. Haya, nilikasirika, lakini nilipotulia nikaona ana haki. Vijana wa kamera hapa mjini wote wana vishikwambi. Wanamfuata mteja hadi saluni, wanatelezesha kidole, picha zinapita ziking'aa. Sisi tunafika na albamu nzito ndani ya mfuko wa salfeti kama tunauza mchele.

Basi wiki nzima nimekuwa mtu wa kuulizia. Kipi kinaonekana vizuri juani, kipi kinakaa na chaji, kipi kinabeba picha nyingi. Kila nilipouliza nilijibiwa kishikwambi. Ni chepesi, kinawaka papo hapo, hakidai meza, unampa mteja mkononi kama unavyompa kikombe. Laptopu ni nzito, inachelewa kuamka, na ukiifungua sebuleni kwa watu unaonekana umetumwa na mamlaka ya kodi. Nilikuwa nimeshaamua kabla hatujatoka nyumbani.

Baba Kulwa hakupinga. Alivaa shati lake la kanisani.

Lakini ya dukani hayataeleweka, hata kwangu nikiyasoma mwakani, nisipoandika kwanza ya albamu.

Miaka ya tisini nilikuwa binti wa kijiji cha Didia niliyefundishwa kamera na mjomba wangu, mwenye studio ndogo Shinyanga mjini. Mjomba alikuwa na pumu, vumbi la machimbo halimfai, kwa hiyo machimboni nilikwenda mimi. Nilidandia malori ya upande wa Bugarama, kamera nimeifichia chini ya kitenge, albamu ya sampuli kifuani. Filamu tulinunua kwa Mzee Hasanali, Mhindi mwenye duka karibu na soko, na yeye huyohuyo ndiye aliyetupelekea Mwanza kusafisha picha. Zikirudi nazipeleka kambini, huku namwomba Mungu wenyewe wasiwe wameondoka. Maana siku hizo ikisikika dhahabu imeonekana mahali, wenyewe wakiita rashi, kambi nzima inahama na masufuria yake.

Albamu ndiyo iliyofanya biashara. Mchimbaji hakuwa na haja ya kueleza anataka picha ya namna gani, na wengine Kiswahili chenyewe walikuwa bado wanakitafuta. Alifunua, akaweka kidole, akasema: "Nipige kama huyu." Huyu ni yule aliyekalia pikipiki ya mjomba na miwani ya jua. Huyu ni yule mwenye redio kaseti begani. Huyu ni yule anayejifanya anaongea na simu, na waya wa simu umeishia mfukoni mwa koti. Kidole kikishawekwa, kazi yangu ilikuwa kutafuta redio.

Na vidole vile vilikuwa vya nyundo na tindo, vimejaa udongo mwekundu hata baada ya kunawa. Kila kimoja kiliacha alama kwenye kona ya ukurasa. Mjomba alikuwa anaona aibu, ananipa pamba na spiriti nifute. Nilimdanganya kwamba nafuta. Kwa alama zile nilikuwa najua watu wanapenda nini: ukurasa wa pikipiki ulikuwa mwekundu kama tofali, wa picha za pasipoti mweupe pee.

Shida ilikuwa ukurasa wa wanawake. Mama lishe wa machimboni walikubali kupigwa picha, ila hawakutaka picha zao zitembezwe mbele ya wanaume. Mjomba akanikalisha mimi mwenyewe kwenye stuli, chupa ya chai mkono huu, maua ya plastiki mkono ule. Nimenuna. Ukurasa wangu ulikaa safi muda mrefu, na nisijifanye, iliniuma.

Kisha ukaanza kuchafuka.

Ilikuwa alama moja tu, kona ya chini, dole gumba lenye ufa katikati. Mwenye gumba sikuchelewa kumjua. Alikuwa mchimbaji mmoja mrefu, mkimya, anaitwa Masanja, ambaye nyundo ilimpasua kucha hadi nyama. Kila nikifika kambini anakuja, anasalimia, anaomba albamu. Anafunua upesi upesi, akifika mahali anapunguza mwendo. Nikimuuliza, "Kaka, nikupige kama nani?" ananijibu, "Bado naangalia, dada." Anaifunga, ananirudishia, anashuka zake kwenye duara, yaani shimo lao la kuchimbia.

Nikamtega. Picha yangu niliitoa nikaihamishia mwisho kabisa, nyuma ya pasipoti, ambako hakuna mtu anayefika. Safari iliyofuata gumba lenye ufa likawa ukurasa wa mwisho. Nilirudi Shinyanga juu ya magunia ya pamba nikicheka peke yangu, abiria wenzangu wakanisogea mbali.

Siku moja nikamkazia mbele ya wenzake. Nikamwambia leo hiyo "bado naangalia" yake siipokei, ataje anataka kama nani. Masanja akafunua mpaka mwisho, akaweka gumba juu ya picha yangu.

"Kama huyu."

Kambi ilivunjika mbavu. Mmoja akapaza sauti, "Masanja, na maua?"

"Na maua," akasema. "Na chupa."

Mama lishe akamletea chupa yake. Maua nilikuwa nayo mfukoni. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, nywele zimejaa udongo, chupa mkono huu, maua mkono ule, amenuna sawasawa na nilivyonuna mimi. Nilibonyeza huku nacheka, nikadhani picha itatoka na ukungu. Haikutoka na ukungu. Nilipomletea aliitazama, akasema "Wabeja", asante ya kwao na kwetu Wasukuma, kisha hakuondoka nayo. Alinirudishia niiweke kwenye albamu, mkabala na yangu.

Mpaka leo zinatazamana. Kila bibi harusi akifika hapo Baba Kulwa anakohoa kidogo, anaweka gumba lake palepale, anaanza kusimulia. Tangu mgongo ulipomtoa machimboni, hiyo ndiyo kazi yake. Mimi napiga, yeye anafunua. Mteja akishacheka habari ya chupa, bei hasumbui tena.

Sasa dukani. Duka ni la Nasrin, binti wa Mzee Hasanali, aliyehamia Geita baada ya baba yake kufariki. Alitupa shikamoo zetu, akatuwekea viti. Picha za albamu, niliyompelekea juzi, alikuwa ameshazipiga skani, akaziingiza kwenye kishikwambi akanipa mkononi. Jamani. Picha zangu za miaka ile, ule wekundu wa udongo, vyote vimeamka. Nilitelezesha kidole nikasahau nilipo. Nilikipenda kitu kile, siwezi kuficha.

Nikampa Baba Kulwa.

Alikishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akaweka gumba, akasogeza. Picha haikwenda. Akarudia. Akalifuta gumba kwenye suruali, akajaribu lile la kushoto, akajaribu kidole cha shahada. Wapi. Nasrin akamwambia kwa upole, "Baba, vidole vikiwa vikavu sana na vigumu kioo hakivisomi. Wachimbaji wengi inawatokea. Paka mafuta kidogo." Akapaka. Kioo kikawa na mafuta, picha imesimama palepale.

"Hakinioni," akasema, na akacheka. Akanirudishia, akatoka nje. Eti anaangalia mawingu.

Hapa naandika nililolificha pale dukani. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa la huruma. Nilijisemea, si neno, nitatelezesha mimi, yeye atabeba mfuko. Nilikuwa bado nimekikumbatia.

Kisha nikamwona mlangoni. Alikuwa anaangalia gumba lake, analigeuza juu na chini, kama mtu anayekagua tindo iliyokufa makali. Mawingu hata hakuyatazama.

Nikamwomba Nasrin anionyeshe laptopu. Aliyokuwa nayo ya kutufaa imetumika, nzito, na betri yake mwenyewe alikiri si ya kujivunia. Akaziweka picha, nikamwita Baba Kulwa ajaribu. Akakataa akiwa hukohuko mlangoni.

"Chukua unachokitaka, Mama Kulwa. Mimi nitabeba."

Maneno yangu yaleyale, sasa yametoka mdomoni mwake. Nilitamani ardhi inifunike. Nikamfuata, nikamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hatuna mazoea nalo, nikamrudisha mpaka kaunta.

Nasrin akamwonyesha kitufe chenye mshale. Akakibonyeza kwa kutoamini, kama anayebisha hodi kwa mtu mwenye mbwa. Picha ikapita. Akanitazama. Akabonyeza tena, ya pikipiki ikaja. Tena, yule wa simu ya uongo. Akavuta kiti, akaketi, mgongo ukanyooka. Alikwenda moja moja, kwa gumba lile lile, mpaka ilipotokea ya mtu aliyekaa juu ya ndoo na chupa ya chai.

Akakohoa.

"Baba, huyu ni wewe?" Nasrin akauliza.

"Ni mimi. Huyu dada alinilazimisha kuchagua."

Akaanza mwanzo, wateja wawili wa simu wakasogea, nami nikakirudisha kishikwambi kaunta taratibu. Ndiyo, kilikuwa kizuri kuliko laptopu. Ndiyo, vijana wataendelea kututangulia kufika saluni. Laptopu ameibeba yeye njia nzima, akikataa kupokewa, na mgongo ule ule anaolalamikia kila asubuhi.

Sasa hivi yuko hapa barazani ng'ambo ya meza, anafanya mazoezi, maana kesho baada ya ibada tunakwenda kwa yule bibi harusi. Sijui kama atatuchukua. Huenda akatuona wazee wenye mzigo. Nimejiuliza nitajisikiaje akitukataa; ninachojua ni kwamba atamaliza kusikia habari ya chupa kwanza.

Baba Kulwa ametoka kupalilia mchicha wake na hajanawa vizuri. Kitufe cha mshale wa kulia kimeshaanza kuwa chekundu. Nasrin alitupa kitambaa laini cha kufutia.

Nimekiweka kabatini, chini kabisa ya mashuka.