Kibofu Chenye Haraka

Mwanza

Dada yangu Stela,

Shikamoo dada. Mimi na wanangu hatujambo, tunakula na kulala vizuri, na hapa shuleni ninapopika wasichana bado wananilalamikia kwamba maharage ya Kishambaa hayana nazi. Wewe mgongo unaendeleaje? Na baridi ya Gare imepungua, au bado mnaota moto mpaka jua likiwa juu?

Ningekupigia, lakini simu yako unaiweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikiliza. Haya yasome peke yako, usimpe binti yako akusomee.

Yale maumivu ya tumbo niliyokuwa nakwambia hayakuwa maumivu ya tumbo. Mkojo ulikuwa unanitoka. Nikisikia tu maji ya bomba yakiingia kwenye sufuria, nakimbia, na mara nyingi nafika nimeshachelewa. Nikawa navaa kanga mbili, nikaacha hata chai. Daktari wa kwanza aliniuliza nimezaa mara ngapi, akasema nimelegea kwa ajili ya uzazi, nifanyiwe upasuaji. Dada, niliogopa sana. Niliwaza wanangu, niliwaza nisipoamka itakuwaje. Lakini nilikubali, maana nilikuwa nimechoka kunuka.

Kabla ya kunipangia siku, hospitali kubwa ya hapa wakasema kibofu kipimwe kwanza. Nikaingia chumbani nikamkuta nesi wa makamo na daktari kijana, umri wa mwanao wa kwanza. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," kisha kwa mdomo uleule akaniambia nivue nguo ya ndani. Nilitamani ardhi ipasuke. Wakaniwekea mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo na mwingine nyuma. Hauumi sana, aibu ndiyo inauma. Halafu wanakujaza maji polepole huku kompyuta ikichora mistari, na kazi yako ni kusema unavyojisikia: umeanza kusikia mkojo, unataka kwenda, umebanwa.

Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Sisi tulilelewa vipi? Mwanamke habanwi mbele ya wanaume. Basi la kwenda Mombo likisimama njiani tuchimbe dawa, tunangoja wanaume wapotelee kabisa migombani ndipo tushuke. Nitamwambiaje huyu mtoto kwamba nimebanwa? Kila akiniuliza, najibu, "Bado, mwanangu." Akasema nikohoe, nikakohoa, halikutoka hata tone. "Bado, mwanangu." Nimebana miguu, jasho linanitoka, mimi bado tu.

Nesi akaangalia mistari, akaniangalia usoni. Akasema, "Mama, hapa hatupimi uvumilivu. Ukituficha, utapasuliwa bure."

Neno hilo lilinishtua. Wakatoa maji yote, wakaanza upya. Safari hii nikasema. Nilianza kwa kunong'ona, na kulipokuja kubanwa kwenyewe nikapiga kelele kwa Kishambaa! Hakuna hata mmoja wao anayekijua, lakini wote wawili walielewa. Palepale maji yakanitoka, na daktari, badala ya kuona kinyaa, akafurahi kama mtu aliyekuta mfukoni chenji aliyoisahau. Akanionyesha mstari uliopanda ghafla. Akasema mlango wa kibofu changu ni mzima, ndiyo maana nilipokohoa hakikutoka kitu. Kibofu chenyewe ndicho chenye haraka, kinajikaza kabla hakijajaa. Upasuaji ungekaza mlango usio na shida, na mimi ningeendelea kulowa.

Nililia, dada. Nililia kwa furaha nikiwa nimefunikwa shuka la hospitali.

Sasa nameza vidonge, na nafundishwa kwenda kwa saa, si kwa kukimbia, na kukichelewesha kibofu kidogo kidogo. Chai wamenipunguzia lakini hawakuninyima. Haijaisha yote, ila wiki hii nimesimama jikoni bomba likimwaga maji nami naendelea kukata vitunguu. Nina raha ambayo sijui nikuelezeje.

Salamu unaweza kuwasomea wote. Mpe shikamoo shemeji, mwambie kabichi zake nazitamani. Msalimie mama mkwe wako, na binti yako anayesoma Lushoto, na shangazi wa kule Magoma akipanda huko mlimani.

Ila hili ni lako peke yako. Mwaka jana nilipokuja, kanisani ulikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, wewe uliyekuwa ukisimama mbele na kwaya. Katikati ya mahubiri ulitoka mara mbili. Sikukuuliza, kwa sababu na mimi nilikaa pale kwa sababu ileile, na wewe hukuniuliza. Tuliketi bega kwa bega, ndugu wa tumbo moja, kila mmoja akimficha mwenzake.

Dada, leo nakuuliza.

Mdogo wako akupendaye,
Anjelina