Bibi Uliyemwoa Mama

Bibi Nyamburi, uliyemwoa mama yangu ukanilea,

Nakuandikia nikiwa na bahati ambayo Bunda nzima wananionea wivu. Filamu ya akina mama imepigwa hapa kwetu Mara, na mwishoni jina langu linapita kwenye skrini kubwa, herufi nyeupe, watu wanalisoma. Wambura mimi, niliyeshindwa na kidato cha pili, niliyekula maisha Mwanza mpaka Nairobi, sasa ni mtu wa sinema.

Unakumbuka siku uliyoniandikisha shule pale Butiama? Mwalimu aliuliza, "Baba yake nani?" Ukasema, "Mimi." Akacheka, akauliza tena. Ukavuta kiti ukaketi. "Mwalimu, mimi sikujaliwa mtoto. Nikatoa ng'ombe wangu, nikamwoa mama yake ili nyumba yangu isife. Andika Nyamburi." Akaandika. Wenzangu walikuwaga wananicheka mpaka darasa la nne, ati mtoto wa bibi mwenye ndevu. Nikajifunza kuwachekesha kabla hawajanicheka. Huu ushereheshaji wa harusi unaonilisha leo hapa Manyamanyama ulianzia hapo.

Nilipougua surua ulinibeba mgongoni mpaka zahanati, mama nyuma na maziwa. Mlibishana njia nzima nani anibebe. Ukamwambia, "Wewe ulimbeba miezi tisa, niachie na mimi." Nyumba yetu ilikuwa na kicheko, Bibi. Mama alikuwaga anakutania kwamba Mara nzima hakuna mume anayechambua mboga kama wewe.

Watu wa filamu walipofika Bunda wakitafuta mwenyeji, nikajitokeza. Muongozaji alikuwa dada mmoja wa Dar, mpole, anaandika kila kitu. Alitaka wanawake wa kila namna: muuza dagaa wa Musoma, nesi, mama kiziwi, binti mwenye ualbino, mjane wa Kijaluo anayekataa kurithiwa. Siku moja tunakula sato, akaniuliza, "Kaka Wambura, nasikia huku mwanamke anaweza kuoa mwanamke ili apate watoto. Unamfahamu yeyote?"

Meza nzima ikanitazama. Nikarudi darasa la nne, Bibi. Nikasema, "Aa, hivyo ni vibibi vya zamani. Vichawi. Vinanunua binti, vinamchapa kama punda." Wakacheka. Na mimi nikichekewa sijui kunyamaza. Nikaigiza sauti, nikasimama nikaigiza na mwendo.

Filamu ilionyeshwa mchana, ukumbi mmoja wa Mwisenge, Musoma. Nilimleta mama, kitenge kipya. Wale wanawake wote walikuwa watu, Bibi. Yule kiziwi aliuliza ukumbi mzima kwa mikono yake tu kwa nini hakusikilizwa, na watu wakalia. Halafu ukatokea wewe kwa mwili wa mwigizaji, nywele timutimu, unatema mate, unamchapa mkeo kwa fimbo. Watu wakavunjika mbavu. Mwendo ulikuwa uleule nilioigiza mezani.

Mama akaniuliza taratibu, "Huyo wamemtoa wapi?"

"Ni filamu tu, mama."

"Mimi alinioa sina pa kwenda. Hakunipigaga. Nani amewaambia anapiga?"

Nikanyamaza. Mimi, mshika maikrofoni. Mama akajifunika uso kwa ncha ya kitenge mpaka taa zilipowaka.

Jana nilimpigia dada muongozaji nikamweleza nyumba yetu ilivyokuwa. Akasema, "Kaka, tulikula meza moja wiki tatu. Ningemwandika hivyohivyo unavyonieleza sasa. Kwa nini hukusema?" Filamu imeshatoka, hairudi.

Naona aibu, na safari hii sina utani wa kuifunika. Katika wanawake wote wale, aliyenyimwa utu ni wewe peke yako, na mwenyeji wao alikuwa mwanao. Mama bado ananipakulia nikienda Butiama, lakini haniulizi habari za kazi. Anapalilia kaburi lako bila kuniita. Nami nachukua jembe, naanzia upande wa pili.

Pumzika, Bibi. Na ile bahati niliyokutambia ni uongo. Watu wa filamu waliponiuliza jina la baba nilisema Masatu, sajenti wa jeshi. Linalopita pale mwishoni ni Wambura Masatu. Hakuna mtu huyo.

Mwanao wa nyumba yako,
Wambura