Dawa Niliyompa Mama wa Gesima

Jumatatu. Mvua ya Kisii imenyesha tangu alfajiri na nguo zangu za kazi hazijakauka. Sina hamu ya kula wala ya kuongea na mtu, kwa hiyo naandika.

Jumamosi mchana tuliletewa mama kutoka Gesima. Alikuwa amejikata mguu akipogoa chai, akaufunga kitambaa na kuendelea na kazi, kama wanavyofanya wote huko. Vidudu vikaingia kwenye damu. Alipofika kwetu presha ilikuwa chini mno, mikono baridi, maneno hayashikani. Tukampa antibiotiki, maji ya mishipani na dawa ya kupandisha presha. Tukaiongeza, tukaiongeza tena. Presha haikusogea.

Ilibaki steroidi.

Hapo ndipo sisi madaktari tunapogombana. Wengine husema steroidi huurudishia mwili nguvu ya kushikilia presha. Wengine husema unapunguza kinga ya mtu ambaye tayari analiwa na vidudu, tena bila uhakika kwamba utamwokoa. Nimesoma pande zote mbili, na kila ninayemsoma mwisho ndiye hunishawishi.

Bosi wangu yuko upande wa kukataa. Lakini ni Msabato, hakuwa zamu, na Jumamosi simu yake huzimwa hadi jua litue. Nilipiga hata hivyo. Nilijua haitashikwa, na bado nilikasirika.

Nikamweleza mume wa yule mama, Mzee Nyakundi, bila kumficha: inaweza kusaidia, inaweza kuharibu. Akasema nimpe.

Nikampa. Kufikia jioni presha ilikuwa imepanda. Jumapili asubuhi aliongea. Alimuuliza mumewe kama ng'ombe amekamuliwa, kisha akamgombeza kwa kuja hospitali na shati chafu. Wodi nzima ilicheka. Nilitembea kwenye korido nikijiona daktari kwelikweli.

Usiku homa ilirudi na pumzi ikaanza kumshinda. Leo asubuhi amefariki.

Bosi alisoma faili, akaniambia huenda ilifaa ningoje. Halafu akasema huenda pia bila dawa hiyo mama angekufa Jumamosi hiyohiyo. Hata kunigombeza hakuweza kunigombeza vizuri.

Mzee Nyakundi alinikuta nje ya wodi, amebana leso ya mkewe kwapani.

“Daktari, hiyo dawa ilimsaidia ama ilimmaliza?”

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui.

“Usiniambie hujui. Ndugu zake wanakuja kesho, na wataniuliza mimi, kwa sababu ni mimi nilikubali.”

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nikamwambia ilimsaidia.

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru, akaenda kutafuta gari la kumpeleka mkewe nyumbani. Mimi nilibaki pale nikiona aibu, na sijui kama ni aibu ya kumdanganya au ya kutojua kama nimemdanganya.

Kesho atasimama mbele ya shemeji zake na kuwaambia kwamba daktari ana hakika. Kesho hiyohiyo mimi niko zamu. Nikiletewa mwingine kama yule, na presha ikigoma, nitampa au nitamnyima?