Vidonge vya Presha Nilivyogawana na Lusajo

Jumamosi, Bagamoyo ya Tukuyu. Mvua imekatika tangu asubuhi, ukungu umebaki kwenye migomba, na mimi leo nikiambiwa nibebe ng'ombe nambeba.

Nina presha, na si presha ya kitoto. Siku ya kwanza kupimwa, mashine ilikataa. Nesi akaleta ya pili, nayo ikakataa. Ya tatu ndiyo ikaniweza. Muulize mtu yeyote wa kule Kawetele.

Mdogo wangu Lusajo, anayeishi Lupepo, anayo pia, ila yake ndogo. Baba mmoja, mama mmoja. Kwetu kitu cha ndugu kinagawanywa, iwe ndizi, iwe nyama. Basi kila nikichukua vidonge vyangu kliniki nilimpa nusu, asihangaike na safari. Nikasema damu ni ile ile, dawa itajua njia.

Nilikosea.

Mwezi uliopita nilimkuta amesimama katikati ya shamba lake la chai, anahema, kikapu cha kuchumia hakijafika nusu. Miguu imevimba. Nikamtania kwamba amezeeka kabla yangu. Hakujibu. Lusajo anayeacha kunijibu ni mgonjwa.

Baba yetu alianguka kwa kiharusi akiwa na umri kama huu wa Lusajo. Niliogopa. Naandika hapa kwa sababu mdomoni haitoki.

Nikamweka mgongoni, nikapanda naye kilima chote mpaka barabarani bila kupumzika. Sawa, nilipumzika mara moja.

Hospitalini daktari, mama mmoja mtaratibu, akampima kwa mashine ya picha. Moyo umetanuka. Mimi nikabisha. Nikasema, "Daktari, mwenye presha kubwa ni mimi. Huyu yake ndogo tu, na vidonge vyangu nampa nusu."

"Mzee, mmetoka tumbo moja, lakini kila mtoto anapewa fungu lake la vinasaba," akasema. "Ndiyo maana mmoja presha inampanda sana na moyo bado unavumilia, mwenzake inapanda kidogo na moyo unachoka. Si vinasaba peke yake, ila navyo vimo. Sasa nani alikupa kazi ya kugawa dawa? Wote wawili mmekunywa nusu tiba."

Lusajo, hoi kitandani, akapata nguvu. "Mwambie, daktari. Tangu utotoni yeye ndiye anayegawa, na fungu kubwa linabaki kwake."

Nilicheka mpaka machozi. Mengine hayakuwa ya kicheko.

Leo tumerudi kliniki, kila mtu na kadi yake, kila mtu na dawa zake. Miguu ya Lusajo imenywea, presha yake imeshuka. Yangu pia imeshuka, na kwa mshuko ambao nesi mwenyewe alirudia kuusoma. Tulipotoka, Lusajo akapanda mpaka kwangu kwa miguu, hakusimama popote.

"Kaka, mbona unahema wewe?" akaniuliza mlangoni.

Nani alimfikisha hospitali? Mimi. Nitasema mpaka wachoke kunisikia, na nikimaliza nitasema na lile la vidonge, maana najua nyumba nyingi huku wanagawana kama sisi.

Jumatatu nawapeleka ndugu zetu wote na watoto wao wakapimwe. Atakayeleta ubishi, mgongo wangu bado mzima.

Baba alikwenda bila kujua ana nini. Lusajo anajua, na yuko hapa sebuleni, amekalia kiti changu, amekataa kuhama.